Ng'ombe Kumi na Watano wa Nosim

Kengele ya saa tisa ilipolia, darasa la sita lilitawanyika kama kawaida yake. Wapenzi wa mpira walikimbilia uwanjani na kupotea katika vumbi jekundu. Waliochelewa asubuhi walikabidhiwa mafagio. Nosim na wenzake wachache walikwenda kwenye stoo ya zamani, chumba chenye dirisha moja na harufu ya mahindi ya uji, ambako Mwalimu Germana aliongoza chama cha michezo ya ubao.

Mwanzoni chama kilikuwa na drafti tu. Kisha rafiki wa mwalimu, aliyefanya kazi katika hoteli moja ya watalii hapo Karatu, akamletea sanduku la mbao lililosahauliwa na mgeni. Mgeni aliulizwa, akajibu kwamba wapewe watoto. Lilipofunguliwa, sanduku liligeuka kuwa ubao wenye pembetatu ndefu ishirini na nne, pamoja na kete na dadu. Mchezo huo, alisema mwalimu, unaitwa bakigamoni. Jina refu namna hiyo halikumaliza wiki katika vinywa vya watoto. Walilikata likawa "baki", na hapo ndipo matatizo ya Nosim yalipoanzia.

"Kila mchezaji ana kete kumi na tano," Mwalimu Germana alieleza siku ya kwanza. "Wewe unazizungusha upande huu, mwenzako anazungusha upande ule, mnapishana njiani, mpaka kete zako zote zifike robo ya mwisho ya ubao, yaani nyumbani kwako. Unatupa dadu mbili, unatembea kwa namba ulizopata. Hizi pembetatu tuziite vituo. Kete ikilala peke yake kituoni, adui akitua juu yake ameikamata. Itakaa hapa kwenye mbao ya katikati, halafu ianze safari upya tangu mwanzo. Zikilala mbili pamoja, adui hawezi kutua hapo."

Nosim alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kwao ni Malambo, ila alikaa kwa shangazi yake Nailantei hapo mjini ili asome. Aliuangalia ubao kwa muda, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizi si kete. Hawa ni ng'ombe."

Wenzake wakaangua kicheko. Nosim hakujali. Mtoto wa mfugaji hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba ng'ombe anayelala porini peke yake ni chakula cha fisi. Tangu mchezo wa kwanza aliwatembeza ng'ombe wake wawili wawili. Asipopata namba ya kuwatembeza pamoja, aliwaacha walipo, akamhamisha mwingine ambaye adui hakuweza kumfikia. Tena aligundua jambo jingine bila kufundishwa. Ukivijaza vituo vya mstari mmoja kwa jozi, kimoja baada ya kingine, unakuwa umejenga ua wa miiba, na ng'ombe wa adui aliye nyuma yake hana pa kupita.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Leonce, ambaye kwao walilima mbaazi na ngano kuelekea Mbulu. Leonce alikuwa mkimbiaji. Kila alfajiri alikata mbio kwenye barabara ya kwenda lango la Ngorongoro, akishindana na magari ya watalii bila wenyewe kujua kwamba wanashindana. Basi na kwenye ubao alikimbia vilevile. Akipata namba kubwa tu, kete moja ilichomoka mbio kuelekea nyumbani, peke yake, kifua mbele. Nosim aliingoja njiani na kuikamata. Leonce alichomoa nyingine. Hiyo nayo ilikamatwa.

"Dadu hizi zimelogwa," Leonce alisema. Alizipuliza, akazisugua kwenye soksi, akaziambia maneno ya vitisho kwa Kiiraqw. Hazikubadilika.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Mwalimu Germana alimwambia. "Usizisingizie dadu."

Nosim alimtangulia Leonce mpaka karibu na mwisho wa mchezo, na hapo mambo yakageuka. Ng'ombe wake wote kumi na watano walikuwa wameshafika nyumbani salama. Akakunja mikono, akaegemea ukuta, akatabasamu.

"Endelea," mwalimu alimwambia. "Sasa unazitoa nje. Wa kwanza kutoa kete zake zote ndiye mshindi."

"Niwatoe niwapeleke wapi?"

"Nje ya ubao."

"Nje kuna nini?"

Leonce alichungulia chini ya meza. "Kuna sakafu," akasema.

Nosim alikataa katakata. Hakuna mtu mwenye akili timamu, alisema, anayehangaika na ng'ombe nchi nzima, akawafikisha zizini, halafu akawatupa sakafuni na kusema ameshinda. Leonce hakuwa na tatizo hilo. Alizunguka taratibu, akazifikisha kete zake, akazitoa moja moja mpaka ubao ukawa mweupe upande wake.

"Nimeshinda," Leonce alisema.

"Umeshinda nini? Huna hata ndama. Mimi ninao wote." Nosim alimgeukia mwalimu. "Na mchezo wenyewe unaitwa baki, mwalimu. Nani amebaki nao?"

Mwalimu Germana alicheka hadi akavua miwani. Alijaribu kueleza kwamba hilo ni jina la kigeni tu, wala halihusiani na kubaki, lakini nusu ya chama ilikuwa imeshahamia upande wa Nosim. Ikabidi afikirie njia nyingine. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nosim, kiangazi kikikaza kule Malambo, baba yako hufanya nini?"

"Huwahamisha ng'ombe, mwalimu. Wanapelekwa juu milimani, kwenye majani."

"Boma likibaki tupu, amefilisika?"

"Hapana. Ng'ombe ni wake. Wako malishoni."

"Basi na hapa ni hivyo. Ukishawakusanya wote, safari bado. Lazima uwahamishe kabla mwenzako hajawahamisha wake. Anayekaa zizini akijisifu, ng'ombe wake wanakondeana."

Nosim alifikiri kwa muda mrefu. Wenzake walishaanza kufunga mifuko yao alipomchukua ng'ombe wa kwanza kwa vidole viwili na kumweka pembeni ya ubao, taratibu, kama anayemshusha kwenye nyasi. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu katika chama aliyemweza. Mwalimu alimteua kuiwakilisha shule Jumamosi iliyofuata, dhidi ya shule moja ya Mang'ola.

Siku aliyoteuliwa, Nosim alirudi nyumbani kwa shangazi akiwa na furaha isiyofichika. Shangazi Nailantei alikuwa amekaa mlangoni akitunga shanga za kuwauzia watalii, miwani ikiwa puani na sindano mdomoni.

"Shangazi, leo nimetoa ng'ombe kumi na watano!"

Sindano ilianguka. "Umempa nani?"

"Sijampa mtu. Nimewatoa kwenye dadu, nikamshinda Leonce."

Ungekuwa wewe ni Shangazi Nailantei, ungesikia nini? Nyuma ya gereji jirani kulikuwa na vijana walioshinda kutwa wakitupa dadu kwa pesa, na mmoja wao alishawahi kurudi kwao bila viatu. Shangazi alilijua neno dadu, akalijua na neno ng'ombe, na alivyoyaunganisha maneno hayo mawili hakupata usingizi. Nosim alijieleza, akachora ubao mavumbini, akaapa. Kadiri alivyoeleza ndivyo ng'ombe walivyozidi kupotea. Asubuhi shangazi alimpigia simu kaka yake.

Mzee Saruni, baba yake Nosim, alipokea habari akiwa juu ya kilima, maana mtandao wa kule ulipatikana kilimani tu, tena kwa kukatikakatika. Alichosikia ni hiki: mtoto anacheza kamari, na ng'ombe kumi na watano wameshakwenda. Alishuka kilima, akawahesabu ng'ombe wake. Walitimia. Hilo halikumtuliza. Kama hawajachukuliwa, alisema, basi wanadaiwa.

Jioni alipiga simu, akataka kuongea na Nosim mwenyewe.

"Jumamosi nitakuja kuangalia hicho mnachocheza," alisema. "Kikiwa ni kamari, utafunga begi lako, tutarudi wote Malambo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nosim alirudisha simu na kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Aliipenda Malambo, lakini aliipenda pia shule yake. Alitaka kusoma mpaka awe daktari wa mifugo, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu isipokuwa Leonce, ambaye aliahidi kumletea kuku wake awe mgonjwa wa kwanza. Sasa kila kitu kilikuwa juu ya ubao mmoja. Aliogopa, akalia, akanawa uso, akaingia ndani kusonga ugali.

Jumamosi wageni wa Mang'ola walifika ndani ya lori la vitunguu, wakanukia vitunguu mpaka jioni. Mwakilishi wao aliitwa Angelina, msichana mfupi, mkimya, mwenye macho ya mtu anayehesabu. Meza ilitolewa nje ya stoo, wanafunzi wakaizunguka. Mzee Saruni alifika amejifunga shuka jekundu, fimbo mkononi, Shangazi Nailantei akimfuata nyuma kama shahidi wa mahakamani. Nosim alimwinamishia baba yake kichwa. Mzee alimgusa utosini kuitikia salamu, hakutabasamu, akaenda kusimama karibu na meza.

Mchezo ulianza. Angelina hakuwa Leonce. Naye alitembea kwa jozi, naye alijenga ua nyumbani kwake, imara hasa. Lakini katikati ya safari alilazimika kumwacha mmoja peke yake, na Nosim akamkamata. Ng'ombe huyo wa Angelina aliwekwa kwenye mbao ya katikati. Ili aanze safari upya ilimpasa aingilie nyumbani kwa Nosim, na nyumbani kwa Nosim kila kituo kilikuwa kimejaa jozi. Angelina alitupa dadu mara kadhaa bila kupata mlango. Wakati huo Nosim aliwakusanya wake wote, akaanza kuwatoa nje. Mmoja. Wawili. Wengine wawili. Mpaka wakawa tisa.

Hapo fimbo iligonga ardhi.

"Simama," Mzee Saruni alisema. "Nosim, unawagawa ng'ombe mbele yangu?"

Shangazi Nailantei aliitikia kwa kichwa kila aliyemwangalia. Mwalimu Germana alipiga hatua mbele ili aeleze, lakini mzee aliinua mkono. "Samahani, mwalimu. Ninamuuliza mwanangu."

Nosim alisimama. Alikumbuka jinsi alivyomweleza shangazi kwa maneno mengi na kuharibu, akaamua kutumia machache.

"Baba, hakuna anayewachukua. Nimewahamisha. Angelina ana wake, mimi nina wangu, na hakuna mtu anayeondoka hapa na cha mwenzake. Atakayewafikisha wote malishoni kwanza ndiye mshindi. Wahesabu."

Mzee Saruni alichuchumaa mbele ya meza. Kuhesabu mifugo lilikuwa jambo ambalo hakulifanya kwa mzaha. Akawaangalia waliokuwa pembeni, tisa. Akawaangalia waliobaki ubaoni, sita, jozi tatu zilizolala vizuri. Aliwaangalia tena wote kwa pamoja.

"Wametimia," akasema, akiwa ameshangaa kidogo. Alimtazama dada yake. "Nailantei, wametimia." Shangazi alijifanya anatafuta kitu katika mkoba wake. "Haya, mtoto, endelea. Ninaangalia."

Laiti angekwenda kuangalia kwa mbali. Nosim alifurahi kupita kiasi. Baba yake alikuwa amekubali, alikuwa amechuchumaa pale pale, na yeye alitaka jambo moja tu, ng'ombe wahame upesi ili baba aone jinsi bintiye anavyojua. Akatupa dadu, akapata sita na mbili. Kwa ile sita alimtoa mmoja wa jozi iliyokuwa kituo cha sita. Kwa ile mbili angeweza kumsogeza yule aliyeachwa, akajiunge na jozi ya kituo cha nne, na wote wangelala salama. Mara mia amefanya hivyo. Lakini kumsogeza tu hakupendezi machoni kama kumtoa. Akamtoa mwingine kutoka kituo cha pili. Wawili kwa mkupuo mmoja. Akamtazama baba yake.

Baba yake hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ubao, uso umekunjamana. Nosim naye akatazama, akaona alichokifanya. Mmoja alikuwa amelala peke yake kituo cha sita. Mwingine amelala peke yake kituo cha pili. Na ng'ombe wa Angelina alikuwa bado mlangoni, ana njaa.

Angelina alitupa dadu. Moja ikasimama kwenye mbili.

Ng'ombe wa Nosim alikamatwa, akawekwa kwenye mbao ya katikati. Sasa yeye ndiye aliyepaswa kuingilia nyumbani kwa Angelina, kwenye ule ua imara, na kabla huyo mmoja hajazunguka ubao mzima, Nosim asingeweza kumtoa mwingine yeyote. Alitupa, hakupata mlango. Alitupa tena, hakupata. Angelina alikusanya wake bila haraka, akaanza kuwatoa. Ua ulipofunguka hatimaye, ng'ombe wa Nosim alikimbia kwa nguvu zake zote, Leonce akimhimiza kwa sauti ya kocha. Alifika nyumbani Angelina akiwa amebakiza mmoja tu. Angelina alimtoa huyo mmoja. Watoto wa Mang'ola waliruka, harufu ya vitunguu ikasambaa uwanja mzima.

Nosim aliona aibu. Alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kumwonyesha baba yake jinsi anavyojua, na alichoonyesha ni hiki.

Mzee Saruni alijiinua kwa kuegemea fimbo. "Nosim, nikuulize. Aliyekushinda ni huyu binti, au ni dadu?"

Leonce alimnong'oneza kutoka nyuma. "Sema dadu. Zilikuwa mbaya kweli, hata mimi nimeziona."

Jibu hilo lilikuwa jepesi, na Nosim alilisikia likimjia mdomoni. Nani angemlaumu? Dadu zilimnyima mlango mara ngapi? Lakini akawaona tena wale wawili waliolala peke yao, na mkono uliowaacha pale ulikuwa mkono wake.

"Si dadu, baba," alisema, akitazama chini. "Hata mbili ingekuja, kama asingekuwepo ng'ombe peke yake pale, isingenifanya kitu. Nilimwacha mmoja peke yake. Ningeweza kumficha. Sikumficha kwa sababu nilitaka unione nawatoa wawili."

Leonce alishika kichwa. Kwa maoni yake Nosim alikuwa ameshapakia begi.

Mzee Saruni akamgeukia Mwalimu Germana.

"Mwalimu, mimi wacheza kamari ninawajua. Ujana wangu nilikuwa na rafiki aliyemaliza mitamba yake kwa kamari. Kila tulipomuuliza, alisema ni bahati. Leo bahati, kesho bahati. Hakusema hata siku moja kwamba alikosea yeye, na kwa sababu hiyo hakujifunza hadi zizi likawa tupu kweli." Aliigusa meza kwa ncha ya fimbo. "Huyu wangu ameshindwa mbele za watu, na ameweza kunionyesha mahali alipokosea. Hii si kamari. Hii ni shule."

Akamwita Nosim karibu. Sasa sauti yake ilikuwa laini.

"Sikiliza, mwanangu. Namba utakazopewa huzichagui, hata mimi mvua siichagui. Unachochagua ni mahali pa kumlaza ng'ombe wako usiku. Ukikosea, sema nimekosea, ndipo utajua pa kurekebisha. Na tena, mchungaji hachungi ili asifiwe. Ukianza kumtazama anayekutazama, fisi naye anakutazama wewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi utabaki hapa, usome. Shangazi yako nitazungumza naye mimi, tena leo, na bila simu."

Nosim alitaka kusema asante, machozi yakamtangulia. Alikuwa ameshindwa mchezo na hakukumbuka siku nyingine aliyofurahi kiasi kile. Mwalimu Germana alimshika bega, lakini Mzee Saruni alikuwa ameshachukua kiti, amekiweka mbele ya ubao, mahali ambapo angeona vizuri pande zote mbili.

"Utalia baadaye," alisema. "Wapange ng'ombe. Huyu binti wa Mang'ola anangoja, na lori lao bado halijaondoka."